Elkanah Khisa na Malori ya Hudhud

Elkanah Khisa alikuja Riyadh akiamini kwamba atakuwa anamwona mke wake kila Ijumaa. Hivyo ndivyo wakala wa Nairobi alivyomwambia: "Mke yuko Jeddah, wewe utakuwa Riyadh, nchi ni moja, kuna taabu gani?" Naye Elkanah, mtu wa Kimilili, alifikiria umbali wa Kimilili na Bungoma, au ukizidisha sana, Bungoma na Eldoret. Aliposhuka uwanja wa ndege mwaka wa 2017 na kumuuliza dereva aliyetupokea kama Jeddah ni mbali, yule dereva, Mpakistani mzee, alicheka mpaka akaegesha gari. Kati ya Riyadh na Jeddah kuna karibu kilomita elfu moja za jangwa.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa kiti cha nyuma. Mimi ni Zablon, Mtanzania wa Musoma, fundi wa umeme wa magari. Tulikuja ndege moja, tukaajiriwa kiwanda kimoja, tukalala chumba kimoja mpaka kiwanda kilipofungwa.

Elkanah alikuwa mchomeleaji. Nakuru alikuwa ameunda mabodi ya mabasi kwa miaka mingi, na mikono yake ilikuwa na madoa meusi ya cheche kama ngozi ya kanga. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuimba chini kwa chini akiwa kazini, nyimbo za kanisani kwa Kibukusu, nasi hatukumkataza kwa sababu mashine zilimfunika. Mkewe aliitwa Hannah. Hannah alitangulia Saudia miaka miwili kabla yake, akafanya kazi za ndani katika nyumba ya mwalimu mmoja mtaa wa Rawdah, Jeddah. Walikuwa na mtoto mmoja, Sellah, aliyebaki kwa nyanya yake, mama mzazi wa Hannah. Sellah alikuwa na miaka minne mama yake alipoondoka.

Kiwanda chetu kiliitwa Hudhud, jina la yule ndege mwenye kishungi. Kilikuwa bohari kubwa la mabati katika Sinaiya, eneo la viwanda kusini mwa Riyadh. Mwenyewe alikuwa Abu Rakan, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyetajirika kwa kuuza vipuri. Baba yake aliwahi kuendesha malori kati ya Najdi na Hijazi kabla ya lami, enzi ambazo safari ya Jeddah ilikuwa ya siku nyingi na dereva alibeba mbao za kuweka chini ya magurudumu mchangani. Abu Rakan alikulia juu ya mizigo ile. Alituhadithia siku ya kwanza kabisa, amesimama juu ya kreti, kanzu yake nyeupe imeshaingia mafuta.

"Baba yangu aliendesha malori ya Wamarekani," alisema. "Mimi nimeuza vipuri vya Wajapani. Nimezeeka. Nataka kabla sijafa nione lori moja limepita barabara ile, limetengenezwa hapa hapa, na mikono ninayoijua."

Miaka ile ilikuwa ya mambo mapya. Kila wiki tulisikia jambo lililokatazwa jana limeruhusiwa leo. Sinema zilifunguliwa, wanawake wakaambiwa wataendesha magari, na mabango barabarani yaliwaambia watu kwamba nchi itatengeneza vitu vyake yenyewe. Abu Rakan aliyaamini mabango yale kama mtu anavyoamini hali ya hewa. Akauza nyumba mbili na duka moja la vipuri, akanunua mashine.

Tusidanganyane, lori la Hudhud halikuwa letu lote. Injini ilitoka China, gia boksi ilitoka India, vioo vilitoka sijui wapi. Lakini chesisi tuliikata na kuiunga sisi, kabini tuliikunja sisi, na Elkanah ndiye aliyechomelea kabini ya kwanza tangu sakafu hadi paa. Ile asubuhi lilipotoka nje ya bohari kwa nguvu zake lenyewe, Abu Rakan alitembea kando yake ameweka kiganja mlangoni, kama mtu anayemwongoza ngamia. Elkanah alikuwa kwenye usukani. Wafilipino walipiga makofi, Wabangla walipiga sufuria. Mzee alipofika getini aligeuka ukutani akajifuta uso kwa shumagi yake, kile kitambaa cha kichwani, na wote tukajifanya hatujaona.

Siku ileile Elkanah akamwendea ofisini. Alikuwa ameshajifunza Kiarabu cha kiwandani.

"Bosi, lori litajaribiwa wapi?"

"Barabara ya Jeddah. Wapi tena?"

"Naomba niwe kwenye safari hiyo."

"Kwa nini wewe?"

"Mke wangu yuko Jeddah. Sijamwona tangu aondoke nyumbani."

Abu Rakan aliweka kalamu chini. "Umekaa hapa mwaka mzima na hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja kuwe na lori, mzee."

Hivyo ndivyo walivyoonana, mwishoni mwa 2018. Nilikuwapo, maana fundi wa umeme hakosekani katika safari ya majaribio. Tuliegesha mtaa wa Sharafiya, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya simu, mbele ya mgahawa wa Wahabeshi. Hannah hakuruhusiwa kutoka peke yake, kwa hiyo alikuja na madam wake, Umm Lujain, yule mwalimu. Nilitegemea kuona mtu wa kufoka. Akateremka mama mnene, mchangamfu, aliyejifunga baibui upande kwa upande, akamsukuma Hannah mbele kwa upole na kumwambia, "Yalla, nenda. Mimi nina kazi na lori."

Hannah alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye pengo mbele. Alisimama hatua chache kutoka kwa mumewe. Hawakukumbatiana, mtaani hapo haikuwezekana, na nadhani pia waliona haya. Alisema tu, "Baba Sellah, umekonda."

"Na wewe umenenepa," akajibu Elkanah.

"Si kwa sababu ya raha."

Wakacheka wote wawili, kisha Hannah akaanza kulia huku bado anacheka. Niliwaacha wakaingia mgahawani. Umm Lujain alinishurutisha nimfungulie mlango wa lori. Akapanda, akashika usukani, akaugeuza huku na huku kama mtoto.

"Hili mmelitengeneza ninyi?" aliniuliza.

"Ndiyo, madam. Bodi yote ni ya mume wa Hannah."

"Basi mwambieni bosi wenu atengeneze gari dogo. Mimi nimeshapata leseni. Nitanunua."

Nilidhani ni maneno ya kupitisha wakati. Lakini Abu Rakan tayari alikuwa na wazo hilo, na mwaka uliofuata tukaanza kutengeneza gari dogo la milango minne pamoja na malori. Umm Lujain akalinunua kweli. La kwake lilikuwa la rangi ya kijani kibichi. Wiki ile gari lilipofika Jeddah, Hannah alimpigia mumewe simu, na kwa kuwa chumba chetu kilikuwa kidogo nilisikia kila kitu.

"Leo nimepanda gari lako," alisema. "Tumeenda sokoni. Madam anaendesha kama anakimbiza kuku."

"Milango inafungika vizuri?"

"Huo wa kwangu unagoma kidogo jua likiwa kali. Lakini nimewaambia watoto hapa, mtu asiubamize. Nimewaambia, huu mlango una mwenyewe."

Elkanah alilala akitabasamu usiku huo. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuona kinakokwenda kiwanda.

Milango haikugoma kwa Hannah peke yake. Vumbi liliingia mahali pasipotakiwa, viyoyozi vilishindwa na joto la Agosti, na kila mteja aliyelalamika aliwaambia wenzake kumi. Magari ya kutoka nje yalikuwa rahisi kuliko ya kwetu na mazuri kuliko ya kwetu, ndio ukweli. Mshirika wa Abu Rakan alijitoa. Kibali kimoja kilichelewa, kingine kikaja na masharti mapya. Wafanyakazi wakaanza kupungua, leo Wafilipino wawili, kesho Mhindi mmoja. Uani malori yaliyokamilika yalipangwa safu, yakingoja wanunuzi, na upepo ukayapaka mchanga mpaka yote yakawa rangi moja. Mzee alikuwa anapita kila asubuhi na kitambaa, anafuta nembo za mbele, moja moja.

Tulikuwa tunakwenda Batha, mtaa wa wageni hapo Riyadh, siku za Ijumaa, Elkanah na mimi, kutuma chochote tulichokuwa nacho nyumbani na kula ugali kwa mama mmoja wa Kiganda. Huko watu walianza kutuuliza, "Nyie wa Hudhud, bado mpo?" Elkanah alikuwa anajibu, "Tupo, na tutakuwepo." Alikuwa na sababu yake. Abu Rakan alikuwa amemwahidi kwamba kiwanda kikifungua duka Jeddah, yeye ndiye atakayepelekwa huko kuwa fundi mkuu. Hannah alishaanza kuulizia chumba cha kupanga.

Kisha ikaja korona.

Machi 2020 bohari lilifungwa. Tulibaki kambini Sinaiya, watu wachache, tukipewa chakula getini. Barabara za kutoka mji hadi mji zilifungwa kwa kila mtu isipokuwa wenye kibali na malori ya mizigo. Mwezi wa Mei, nyumbani kwa Umm Lujain, mama yake mzee aliugua. Hannah ndiye aliyemuuguza, akamlisha, akambadilisha nguo. Yule bibi akapona. Hannah akaanza kukohoa.

Mwanzoni alisema ni mafua. Kisha simu zikawa fupi. Kisha Umm Lujain akapiga mwenyewe kusema wamempeleka hospitali na wamemwekea hewa.

Elkanah hakupiga kelele. Alivaa viatu vyake vya kazi, akatembea hadi geti la kambi, mlinzi akamrudisha. Akangoja, akaenda tena, akarudishwa tena. Mara ya tatu mlinzi, kijana wa Kisudani, alimwonea huruma akampigia simu Abu Rakan.

Mzee alikuja na barakoa yake chini ya kidevu. Tulizungumza tukiwa pande mbili za geti.

"Alkana," alisema, hivyo ndivyo alivyomwita, "kibali cha mtu binafsi mafi, hakuna. Nimejaribu tangu asubuhi. Lakini mizigo inapita. Binamu yangu ana barakoa na dawa za kusafishia mikono, zinahitajika Jeddah. Lori lipo. Kama utaendesha wewe na Zablon, nitaandikisha majina yenu."

"Lori gani, mzee?"

"Letu. Nina lingine?"

Tukaondoka alfajiri ya siku ya pili. Elkanah aliendesha, mimi kando yake, na nyuma maboksi yamejaa hadi kwenye turubai. Sijawahi kuiona barabara ile tupu namna ile. Kwenye vituo vya polisi walitusimamisha, wakapima joto la paji la uso, wakatazama karatasi, wakasema twende. Mmoja alizunguka akatazama nembo. "Hudhud ni nini?" akauliza. "Ni gari la hapa," nikamwambia. Akasema, "Wallahi sijawahi kuliona."

Elkanah hakuimba. Alikuwa ameweka simu juu ya dashibodi, na kila baada ya muda aliitupia jicho. Umm Lujain alituma ujumbe wa sauti mara mbili: Hannah anapumua; Hannah ameuliza uko wapi.

"Mwambie nimeshapita nusu," akajibu Elkanah. Hatukuwa tumefika nusu.

Karibu na adhuhuri, kabla ya mji mdogo wa Dhalm, nilisikia mlio mwembamba chini ya kiti changu, kama wa panya. Mshale wa joto ukapanda. Elkanah aliliweka lori pembeni na kuzima kabla sijafungua kinywa. Tulipofungua, pampu ya maji ilikuwa imeshika, mkanda umekatika vipande, mvuke unatoka kila upande.

Mkanda tulikuwa nao. Pampu hatukuwa nayo. Lingekuwa lori la Kijapani, duka lolote la pembeni mwa barabara ile lingekuwa na pampu tatu. Kwa Hudhud, vipuri vilikuwa sehemu moja tu duniani: Sinaiya, ndani ya malori mengine.

Elkanah aliishika ile pampu kwa mikono miwili, bado ya moto, mpaka nikampokonya. Nikampigia Abu Rakan.

Sikumtegemea aje mwenyewe. Nilidhani atamtuma mtu, au atatafuta gari la kuvuta. Lakini mzee yule alikwenda uani, akafungua pampu ya lori mojawapo kwa mikono yake, akaingia ndani ya gari lake, akaendesha jangwa lote lile peke yake, hana kibali, akibishana na polisi kituo baada ya kituo. Alituambia baadaye kwamba kituo kimoja aliwaonyesha pampu akalia mbele yao, wakampisha. Alifika jua linazama. Kanzu yake ilikuwa imejaa mafuta. Hakutusalimu hata. Alimpa Elkanah pampu akaketi mchangani kwenye kivuli cha gurudumu, ameweka kichwa mikononi.

Elkanah aliifunga pampu ile kwa mwanga wa tochi mpaka usiku wa manane. Alipowasha na maji yakatulia, mzee alisimama, akamkamata bega.

"Nenda. Mungu yuko nawe. Usisimame popote."

Tukaendesha kwa zamu. Kulipopambazuka tulikuwa Taif, tukaanza kuteremka. Nilikuwa nimesinzia. Niliamshwa na simu.

Alikuwa Umm Lujain, lakini hakuweza kusema. Tulisikia anahema tu. Kisha mume wake akachukua simu.

"Alkana. Mke wako amefariki. Alfajiri hii. Mungu akupe subira, ndugu yangu."

Elkanah alisema, "Shukran." Kweli, hilo ndilo neno alilosema. Aliwasha taa ya pembeni, akalitoa lori barabarani taratibu, akavuta breki ya mkono. Akashuka, akatafuta mawe mawili, akayaweka mbele ya magurudumu kama alivyozoea kila tulipoegesha mlimani. Akahakikisha yamekaa vizuri, akayagusa kwa mguu. Halafu akakaa chini, ameegemea gurudumu, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Mwishowe alisema, "Bwana Zablon, endesha wewe."

Kabla ya Makka tukashika njia ya pembeni, ile ya wasio Waislamu, tukafika Jeddah. Nilitaka twende hospitali moja kwa moja. Elkanah akakataa.

"Tupeleke mzigo kwanza," alisema. "Kuna watu wanaungoja."

Aliyashusha maboksi mwenyewe. Watu wa ghala walitaka kumsaidia, nikawapa ishara wamwache.

Hospitali hawakumruhusu kumwona. Wakati ule hawakumruhusu mtu yeyote. Niliwahi kumwambia, nikidhani namfariji: "Ndugu yangu, hata kama pampu isingeharibika, hata kama tungefika jioni ile, wasingekuruhusu kuingia."

Alinijibu bila hasira. "Ningesimama nje, Zablon. Angeambiwa nimesimama nje."



Hannah alizikwa siku chache baadaye katika makaburi ya wasio Waislamu, nyuma ya ukuta mrefu uliofunikwa na miti. Mume wa Umm Lujain ndiye aliyekuwa kafili wake, mdhamini wake kisheria, akasaini kila kilichohitajika, akaja mwenyewe, akasimama mbali kwa adabu. Kusafirisha mwili hakukuwezekana, ndege hazikuwepo. Waliochimba walivaa nguo nyeupe za plastiki kutoka kichwa hadi vidole. Nilimnong'oneza Elkanah zaburi niliyoijua kwa moyo, yeye akaitikia amina, ikawa imekwisha.

Abu Rakan alipiga simu jioni ile. Elkanah aliiweka kwenye spika.

"Alkana, lori langu limekuangusha."

"Si lako peke yako, mzee. Nami nimelitengeneza."

"Halas, basi," mzee akasema. "Halas, nimefunga." Nilidhani anafunga simu. Alikuwa na maana ya kiwanda.

Kabla hatujarudi Riyadh, Umm Lujain alituletea begi la Hannah pale Sharafiya. Alikuja na lile gari la kijani. Alikuwa amekonda, macho yamevimba, na ule uchangamfu wote umemtoka. Elkanah alimshukuru, kisha akamwomba jambo moja: akae kidogo kwenye kiti alichokaa Hannah. Akakaa. Madam akakaa kwenye usukani, mimi nikasimama nje dirishani.

"Ni wewe uliyempeleka?" Elkanah aliuliza.

"Ni mimi. Gari la wagonjwa lilichelewa."

"Alisema nini njiani?"

Umm Lujain aliushika usukani. "Kulikuwa na matuta. Nilikuwa nakwenda mbio, naogopa. Akaniambia, madam, polepole. Nikadhani kifua kinamuuma. Akasema, polepole, gari ni la mume wangu, utalivunja." Akafunika uso kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa anatania. Hali ile, na bado ananitania ili nisiogope."

Elkanah aliinama akacheka, kicheko kifupi, kisha hakikuwa kicheko tena.

Mashine za Hudhud ziliuzwa mwaka ule ule. Magari yaliyobaki uani yalichukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Yote kwa jumla, malori na magari madogo, sidhani yalifika mia, na ukienda Riyadh leo ukauliza, utapata watu wachache sana wanaolikumbuka jina. Abu Rakan hakutuacha hewani. Alituandikia ruhusa ya kuhamia kwa kafili tunayemtaka, wakati sheria ilikuwa bado haijalegezwa. Mimi nilikwenda kwenye karakana ya mabasi. Elkanah alipata nafasi nzuri kuliko yangu, ya kuwa msimamizi wa wachomeleaji. Akaikataa. Akahamia Jeddah, akawa anafanya vibarua Sharafiya, kuchomelea mageti na viti vya migahawa, ili siku za Ijumaa aweze kwenda kwenye ule ukuta wenye miti.

Si Elkanah aliyempa Sellah habari za kifo. Hakuweza. Ni mama mkwe wake aliyemwambia mtoto, na tangu siku hiyo mtoto akakataa kuzungumza na baba yake kwenye simu. Alikuwa na miaka tisa. Nyanya alisema kwamba simu ikilia, Sellah anatoka nje. Jambo hilo ndilo lililomrudisha nyumbani, mwanzoni mwa 2021, si kazi wala uchovu.

Kilichotokea Kimilili alinisimulia mwenyewe, polepole, kwa simu kadhaa.

Wazee wa ukoo walikuwa wanamngoja. Walisema mtu hawezi kufa akaachwa hivi hivi, hakuna tuta la udongo, hakuna mahali pa kusimama. Walitaka wakate mgomba, wauviringe katika nguo ya Hannah, wauzike nyuma ya nyumba kama inavyofanywa kwa mtu aliyepotea majini au vitani, mwili usionekane.

Elkanah alikataa. "Hannah hakupotea," aliwaambia. "Ana kaburi. Nimeliona. Nimeushika udongo wake. Mkizika mgomba mtakuwa mnasema hayupo pale alipo."

Wazee walikasirika. Mchungaji naye alikuwa na yake ya kusema. Mabishano yalichukua wiki nzima, na Elkanah hakulegea, mpaka mama yake Hannah alipomwita jikoni peke yake.

"Mwanangu," alimwambia, "wewe ulifika. Ulisimama pale, ukaona udongo unaingia. Mimi niliambiwa na simu. Miguu yangu haitafika huko Arabuni kamwe. Mimi nitalilia wapi?"

Basi wakauzika mgomba. Elkanah ndiye aliyechimba. Aliuviringa katika kitenge cha Hannah kilichokuwa ndani ya lile begi, na watu wa kijiji walikuja, wakaimba, wakapika, kama mazishi yoyote. Yule mama alianguka juu ya udongo na kulia kilio alichokuwa amekiweka tangu mwaka uliopita. Elkanah alisema alisimama kando, hakuweza kutoa chozi. Aliona anamzika mtu asiyemjua.

Ila jambo moja. Katikati ya kuimba, Sellah, aliyekuwa amejificha nyuma ya shangazi zake tangu asubuhi, alikuja akasimama karibu naye. Hakumshika mkono. Akamuuliza, kwa sauti ya chini:

"Baba, na kule Jeddah, kuna miti?"

"Iko," akamwambia. "Mingi. Inapita ukuta."

"Inamwagiliwa na nani?"

Elkanah alisema hakuwa amewahi kujiuliza. Alimwambia mtoto kwamba hajui, na kwamba atamuuliza Zablon aende akatazame.

Nilikwenda. Nilipanda basi pale Batha Ijumaa iliyofuata, nikashuka Jeddah kesho yake asubuhi. Kuna mzee mmoja wa Kihindi anayepita na mpira wa maji siku tatu kwa wiki. Nilimpiga picha karibu na kaburi la Hannah, mpira mkononi, nikaituma Kimilili.